Kuanzia chuo cha kati hadi digrii: uzi kwa waliomaliza form four na hawaendi form five

Mkulima wa Usangu (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, humu jukwaani swali huwa lile lile. "Nimepata Division Four ya pointi 28, nifanyeje?" "Mdogo wangu ana Three lakini hana kombi (masomo matatu yanayoendana ya form five)." Na majibu huwa ya mstari mmoja: nenda VETA (ufundi stadi), risiti (rudia mtihani), tafuta biashara. Nataka leo niandike kwa urefu kuhusu njia niliyopita mwenyewe: cheti, diploma, halafu digrii. Form five sikuikanyaga. Nimesoma Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na sasa ni afisa kilimo wa halmashauri. Naandika kwa sababu naona vijana wengi wanaingia vyuo vya kati bila kuambiwa mambo ambayo wangeyajua siku ya kwanza, safari ingekuwa nyepesi.

Tuanze na ngazi zenyewe. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile iliyokuwa ikiitwa NACTE. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Ngazi za tuzo zinaitwa NTA. Ukitoka form four unaingia NTA 4, ambayo ni astashahada ya awali, mwaka mmoja. NTA 5 ni astashahada, mwaka mwingine. NTA 6 ndiyo stashahada, yaani diploma. Digrii ni NTA 8. Kwa hiyo miaka mitatu unapata diploma, na ukiunga digrii ya miaka mitatu inakuwa sita. Mwenzako wa form five na six anatumia mitano.

Sharti la kuingia NTA 4 ni kufaulu masomo manne, D kwenda juu, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hapa watu wengi wanadanganywa na pointi. Wanasema "Four ya 31 inaingia". Siyo lazima. Kwenye masomo saba, C ni pointi 3, D ni 4 na F ni 5. D nne na F tatu ni pointi 31, hapo una masomo manne, unaingia. Lakini C moja, D mbili na F nne nayo ni 31, na masomo uliyofaulu ni matatu tu. Huingii. Usihesabu pointi, hesabu masomo.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Kama lengo lako ni digrii, kitabu cha kwanza kusoma ni mwongozo wa TCU wa waombaji wenye diploma. TCU hutoa miongozo miwili, mmoja wa form six na mwingine wa diploma na sifa linganishi. Unapatikana bure kwenye tovuti yao. Kijana wa form four anauona kama haumhusu, anasema nitausoma nikifika huko. Hapana. Usome leo, kabla hujachagua chuo cha kati. Tafuta digrii unayoitaka, angalia wanataka diploma ya nini, GPA (wastani wa alama za chuo) ngapi, na ufaulu wa masomo gani ya form four. Ukishajua hayo ndiyo unarudi nyuma kutafuta chuo cha kati kitakachokufikisha.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu D zako za form four hazikuachi. Unaweza kuwa na diploma yenye GPA ya kung'aa, ukafika chuo kikuu wakafungua cheti chako cha form four wakatafuta D ya Hesabu au ya Kiingereza, haipo, na maombi yanaishia hapo. Hilo lilipaswa kujulikana miaka mitatu nyuma, wakati bado ungeweza kurisiti somo moja huku unasoma chuo.

Pili ni GPA. Kiwango cha chini cha TCU kwa diploma za NTA 6 ni 3.0. Kwenye NTA 6 A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Maana yake 3.0 ni wastani wa B. Mtu anayepita kwa C C C anafaulu vizuri kabisa kwa sheria za chuo chake. Anahitimu, anavaa joho, mama anapiga vigelegele. Lakini mlango wa digrii haujafunguka. Tulikuwa na mwenzetu darasani, kijana mwenye mikono ya kazi kuliko sisi wote. Ukimpa tuta la mboga mahali popote linastawi. Alihitimu na 2.8. Sehemu ya zile pointi zilipotea kwenye masomo aliyoyaona madogo, stadi za mawasiliano na kompyuta, ambayo alikuwa hahudhurii. Masomo hayo yana uzito wake kwenye hesabu ya GPA, na ndiyo rahisi zaidi kupata A.

Kwa hiyo dogo, ukiingia chuo, semista ya kwanza ndiyo ya kupigania. Wengi wanaifanya ya kuzoea mji. Ukianza ngazi na GPA ya chini utatumia semista zilizobaki kuivuta juu.

Tatu ni uhusiano wa kozi. Nimeona watu wana cheti cha utunzaji kumbukumbu, diploma ya utalii, wanaomba digrii ya uhasibu. Mfumo hauwapokei. Chagua mstari mmoja uufuate. Mimi nilikuwa na D za Baiolojia, Kemia na Jiografia, nikaenda kilimo, nikabaki kilimo. Kazini cheti na diploma vinakupa uafisa kilimo msaidizi, digrii inakutoa kwenye huo usaidizi. Mstari ni ule ule, unapanda tu.

Nimeandika mengi. Wenye uzoefu wa kada nyingine karibuni muongezee, na wazazi ulizeni.

---

Msema Kweli wa Singida

Mkuu umeandika vizuri, lakini nina la kupinga. Unawavuta vijana waache form five. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 serikali imefuta ada ya form five na six. Mtoto anasoma bweni miaka miwili, mzazi anatoa matumizi tu. Chuo cha kati mzazi analipa ada, hosteli, chakula, fildi, vitambulisho, michango isiyoisha, kwa miaka mitatu. Kwa mkulima wa alizeti huku kwetu hiyo ni ng'ombe wote zizini. Mtoto akiwa na C tatu zinazoendana, aende form five, basi.

---

Mkulima wa Usangu

Mkuu, hapo hatupingani. Mwenye C tatu kwenye kombi inayoeleweka na akili ya kukaa na vitabu, aende form five, ni njia fupi na nafuu. Kichwa cha uzi kinasema "hawaendi form five".

Ila kuna kundi la tatu tunalisahau: wenye sifa za form five lakini wamepangiwa kombi wasiyoiweza. Mtoto ana C ya Fizikia aliyoipata kwa jasho, anapelekwa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), anatoka na sifuri. Huyo baada ya miaka miwili anarudi kuanza cheti kwa matokeo yale yale ya form four. Angepanda basi la chuo tangu mwanzo angekuwa anaingia mwaka wa diploma. Na kumbuka mwenye diploma ana kitu cha kumpa kazi hata kama digrii itachelewa. Mwenye cheti cha form six peke yake mitaani anaulizwa "unajua kufanya nini?"

Kuhusu gharama uko sahihi, sitapamba. Vyuo vya serikali ada yake inabebeka zaidi kuliko vya binafsi, ndiyo maana nafasi zake zinagombaniwa. Na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha na ngazi ya diploma kwa fani za kipaumbele: afya, kilimo na mifugo, uhandisi wa nishati, madini, usafirishaji, na baadhi ya ualimu. Siyo kila anayeomba anapata, lakini zamani mlango huo haukuwepo kabisa.

---

Binti wa Wodini

Naomba nichangie upande wa afya maana ndiko kuna maswali mengi.

Mimi nilianza utabibu, Clinical Medicine, miaka mitatu. Kuingia wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote ziwe na D au zaidi. Vyuo vya afya vya Tanzania Bara maombi yake yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, haombwi mkuu wa chuo, kwa hiyo mtu akikwambia "nipe hela nikuwekee nafasi" muache aende zake. Sasa niko mwaka wa tatu wa udaktari, MD, ambayo ni miaka mitano na baadaye mwaka wa kujifunza kazi hospitali.

Aliyosema mleta mada kuhusu D za form four ni kweli tupu. Kwa MD mwongozo umekuwa ukitaka diploma ya utabibu yenye GPA isiyopungua 3.0, na juu yake D za Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza za form four. Angalieni hiyo Hesabu. Kuingia utabibu hakuna aliyeniuliza Hesabu. Darasani kwetu tulikuwa wengi tuliofaulu diploma vizuri sana, na walioishia pale kwa sababu ya F ya Hesabu siyo mmoja wala wawili. Wengine wamerisiti wakiwa tayari ni matabibu wa zahanati, wanatoka zamu ya usiku wanaingia kwenye chumba cha mtihani na watoto wa shule.

Na hiyo 3.0 ni sifa ya kuruhusiwa kuomba, siyo ya kupata. MD nafasi za wenye diploma ni chache na wanaoomba ni wengi wenye GPA za juu. Lengeni 4 na kitu.

Jambo moja la faraja. Tulioanza utabibu tukifika wodini hatutetemeki. Mgonjwa tumeshamgusa, historia tunajua kuichukua. Tunachoteseka nacho ni mwaka wa kwanza, baiokemia na fiziolojia, ambapo waliotoka form six ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wanakumbuka mambo tusiyowahi kufundishwa. Nilichofanya ni kutafuta notisi za Advance (form five na six) za Kemia na Baiolojia miezi kabla ya chuo kufunguliwa. Zinasaidia sana.

---

Mzee wa Dar Tech

Vijana, hii njia siyo mpya na wala haikuanzishwa kwa walioshindwa.

Sisi tulitoka shule za ufundi, Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Musoma, Mtwara, tukaenda Dar Tech, Arusha au Mbeya kusoma FTC, yaani cheti cha fundi sanifu, miaka mitatu. Dar Tech ndiyo DIT ya leo, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na Mbeya Tech ndiyo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwenye FTC nzuri alikwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma uhandisi, kitivo kilianza 1973, na hakuna aliyemcheka. Mpaka leo TCU inaitambua FTC yenye wastani wa C kuwa sifa ya kuingilia digrii. Na baada ya Azimio la Musoma la 1974, hata mtu wa form six alitakiwa akafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Nchi iliamini kwamba aliyewahi kushika kazi anasoma akijua anasomea nini.

Wahandisi wengi waliosimamia mitambo ya nchi hii walitoka FTC. Nimefanya kazi nao. Mashine ikigoma, wao ndio walioitwa usiku.

---

Dogo wa Kahama

Shikamoo mzee. Swali kwa mleta mada: kuna chuo cha binafsi hapa mjini kwetu, karibu na nyumbani, wanasema ukimaliza diploma yao unaunga moja kwa moja chuo kikuu. Nitajuaje kama ni kweli?

---

Aliyeumizwa na Chuo

Dogo, ngoja nikujibu mimi, mleta mada ataongezea.

Nilisoma chuo ambacho nacho kilikuwa karibu na nyumbani. Jengo zuri, bango kubwa, mkuu wa chuo anaongea vizuri. Chuo kilikuwa na usajili, hilo nililiangalia. Ambacho hakikuwa sawa ni kozi yangu. Usajili wa chuo ni kitu kimoja, na kozi kuruhusiwa kufundishwa kwa ngazi fulani ni kitu kingine. Tulifika mwaka wa tatu ndipo tukaambiwa ngazi ya diploma ya kozi yetu bado iko kwenye mchakato. Wenzangu wengine walihamia chuo kingine wakarudia, wengine waliacha. Ada hakurudishiwa mtu. Ninapoandika haya bado naumia, siyo kwa ajili yangu sana, ila kwa ajili ya baba aliyeuza kiwanja.

Kwa hiyo ingia tovuti ya NACTVET mwenyewe, tafuta jina la chuo, angalia hali ya usajili na ithibati, halafu angalia orodha ya kozi na ngazi zake: je, NTA 6 ya kozi yako imo? Kama haimo, usikubali maneno ya "mwakani itakuwa tayari". Hakuna kuona aibu. Nenda hata ofisi ya kanda ya NACTVET uulize.

---

Mkulima wa Usangu

Pole sana ndugu yangu. Na asante kwa kulisema hilo hadharani.

Dogo, neno "unaunga moja kwa moja" lisikupumbaze. Hakuna chuo cha kati kinachompeleka mtu chuo kikuu. Unaomba mwenyewe, unashindanishwa na wengine. Hata vyuo vyenye ngazi zote ndani ya uzio mmoja, cheti mpaka digrii, kama DIT, IFM (fedha), CBE (biashara), TIA (uhasibu), Chuo cha Uhasibu Arusha, Ustawi wa Jamii, NIT (usafirishaji) au Chuo cha Mipango Dodoma, ukimaliza diploma pale bado unaomba digrii kama waombaji wengine.

Ila hivyo vyuo nimevitaja kwa makusudi, kwa sababu vingi vina matawi mikoani na watu hawajui. TIA iko Mwanza, Singida, Mtwara, Mbeya na Kigoma. CBE iko Mwanza, Dodoma na Mbeya. Wewe wa Kahama, Mwanza siyo mbali. Ukisoma tawini unapunguza gharama za Dar, na walimu ni wa chuo kile kile.

---

Jirani wa Namanga

Hamjambo majirani. Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, nina mwanangu anayepitia hali kama hiyo upande wa Kenya.

Huku kwetu digrii inataka C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, diploma C-, na cheti ni D. KUCCPS, taasisi ya kupanga wanafunzi vyuoni, ndiyo inayowapanga wote, wa chuo kikuu na wa vyuo vya kiufundi. Kijana wangu alipata D+. Akajiunga na chuo cha ufundi cha kaunti yetu kwa cheti cha umeme, akapita, akaenda diploma, mitihani ya KNEC, baraza letu la mitihani. HELB, bodi yetu ya mikopo, wanawakopesha hata wa vyuo vya kiufundi. Sasa anajiandaa kuingia chuo kikuu, na chuo alichoomba kimemwambia kitamsamehe baadhi ya masomo, aanzie mwaka wa pili. Je, kwenu huko mtu wa diploma husamehewa mwaka?

---

Mkulima wa Usangu

Karibu sana jirani, na hongera kwa kijana.

Kwetu kwa kawaida hapana. Mwenye diploma anaanza mwaka wa kwanza pamoja na wa form six. Hili ni jambo ambalo binafsi naliona ni hasara kwa taifa na sioni sababu ya kunyamaza. Mtu amesoma udongo, wadudu waharibifu na umwagiliaji kwa miaka mitatu, na kufanya fildi mashambani, halafu anakaa kwenye kozi ya utangulizi wa yale yale. Najua hoja ya upande wa pili: diploma hazilingani viwango, na nadharia ya diploma ni nyepesi kuliko ya digrii. Ni kweli kwa baadhi. Lakini kozi zinaweza kupimwa moja moja, mtu afanye mtihani, akifaulu asamehewe ile kozi. Mwaka mmoja ni ada ya mwaka, na mkopo wa mwaka ambao ataulipa akiwa kazini.

---

Mwalimu wa Zamu

Naona walimu hatujatajwa. Kwetu diploma ya ualimu inahesabiwa tofauti, TCU wanaangalia wastani wa B. Nilianza na cheti, nikafundisha shule ya msingi, nikaenda diploma, nikafundisha sekondari, kisha digrii nikaichukua Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini. Huria ilianza kufundisha 1994, ina vituo mikoani, na kwa mtumishi mwenye familia sioni njia nyingine nzuri kama hii. Unasoma usiku, likizo unafanya mitihani.

Nawaomba watumishi wenzangu mambo mawili. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla hujaanza, kwa maandishi, na barua itunze. Usipokuwa nayo, ukimaliza utasumbuka kubadilishiwa muundo, yaani kupandishwa cheo kwa elimu mpya. La pili, kama mnategemea mkopo, Bodi imekuwa ikitaka mwombaji awe amemaliza form six au diploma ndani ya miaka mitano, na umri usizidi 35. Mtu anayesema "nifanye kazi kwanza, nitasoma baadaye" ajue kwamba huko baadaye ada inatoka mfukoni mwake.

Na kwa yule aliyehitimu na 2.8, mumwambie bado. Huria wana Programu ya Msingi, ya mwaka mmoja. Mwenye diploma ya GPA kuanzia 2.0 anaweza kuingia. Akipata 3.0 kwenye yale masomo sita ya msingi, na angalau C katika matatu ya upande wake, sanaa, sayansi au biashara, TCU inaitambua kuwa sifa ya kuingilia digrii.

---

Mkulima wa Usangu

Mwalimu, nitampelekea ujumbe huu leo hii hii. Asante sana.

---

Mama wa Mafinga

Habari zenu wanangu. Mimi siyo mwandishi mzuri, mtanisamehe. Binti yangu amepata Four ya 29. Kiswahili C. Uraia, Historia, Jiografia na Kiingereza D. Baiolojia na Hesabu F. Anataka unesi tangu mdogo. Kuna mtu ametuambia tulipe atatutafutia chuo cha unesi. Nifanye nini?

---

Binti wa Wodini

Shikamoo mama. Tafadhali usilipe. Unesi unataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na binti hana hata moja. Hakuna mtu anayeweza kumpitisha kihalali. Wakimchukua, miaka mitatu ikiisha hatapata leseni ya kufanya kazi, na hela imeshakwenda.

---

Mkulima wa Usangu

Shikamoo mama, na usiombe msamaha, umeeleza vizuri kuliko wengi.

Binti ana masomo matano aliyofaulu, kwa hiyo chuo anaingia mwaka huu huu. Swali ni chuo kipi. Nakuomba ukae naye umuulize taratibu: kwenye unesi anapenda nini? Kama ni kazi yenyewe ya wodini, dawa na vidonda, basi ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, asome Baiolojia, Kemia na Fizikia. Lakini kwa aliyeacha Kemia na Fizikia kidato cha pili, hilo linahitaji mwalimu, vitabu na maabara, siyo la kujaribu tu. Kama anachopenda ni kuhudumia watu, kuna ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, ambazo D zake zinatosha kuanza.

Na mama, uko Mafinga. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Rungemba kiko hapo hapo kwenu, ni cha serikali. Nendeni pamoja, siku ya kazi, mkaulize ofisi ya udahili: NTA 6 ya maendeleo ya jamii ipo hapa? Kama haipo, wanaomaliza huwa wanakwenda kumalizia wapi? Ada yote kwa mwaka ni kiasi gani pamoja na fildi? Majibu muyaandike. Akifika diploma na GPA yake ni 3.0 au zaidi, digrii za maendeleo ya jamii zipo Chuo cha Tengeru, zipo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), zipo Huria.

Kiingereza alichonacho D akitunze. Kuanzia leo asome kwa Kiingereza kila siku, hata gazeti, kwa sababu chuoni kila kitu kitaandikwa kwa lugha hiyo, na wengi GPA zao zinaangukia hapo wakati somo lenyewe wanalijua.

---

Mama wa Mafinga

Nimeelewa. Yule mtu nimemwambia hapana. Binti amesoma mwenyewe uzi wote, anasema anataka kwenda kuona hicho chuo. Anauliza hiyo namba ya AVN aliyoisikia kwa wenzake ni ya nini.

---

Mkulima wa Usangu

Mwambie bado ni mapema kwake, lakini aiandike pembeni.

AVN ni namba ambayo NACTVET inampa mwenye diploma kuthibitisha kwamba tuzo yake ni halali. Chuo kikuu hakipokei maombi ya mwenye diploma bila hiyo namba. Anaiomba mhitimu mwenyewe kwenye mfumo wa NACTVET, analipia, anasubiri. Itatoka tu ikiwa chuo chake kimeshapeleka matokeo NACTVET, na hapo ndipo wengi wanapokwama: matokeo ya diploma yanachelewa, dirisha la kwanza la maombi ya digrii linafungwa, mtu bado yuko mkono mtupu. Kwa hiyo akifika mwaka wa mwisho, aanze kufuatilia ofisi ya mitihani ya chuo chake mapema, ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa kama kwenye cheti cha form four na cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa nacho kithibitishwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa ajili ya mkopo. Dirisha la pili huwa lipo, lakini likifika, kozi zenye ushindani nafasi zake huwa zimeshajaa.